Ufunguo wa Chumba cha Kumi na Nne

Walipoifunga karakana hawakuniomba ufunguo.
Nani amkumbuke mfagiaji?
Walizibeba meza, wakauza misumeno kwa ratili,
na cherehani kumi na moja akazichukua mtu wa vyuma chakavu
aliyezikagua meno kama anunuaye farasi mzee.
Kerezo tu liliwashinda.
Lilikuwa limekazwa sakafuni kwa bolti
na Mwalimu Penhale, mwaka ule mgodi wa shaba ulipokufa,
naye alichokikaza, kilikazika.
Basi wakalifunika turubai,
wakapanga juu yake maboksi ya karatasi za mitihani.

Miaka kumi na tisa.
Kila Ijumaa, theluji ikikwangua kioo cha dirisha,
niliingia na kitambaa na kikopo cha mafuta
nikalisugua taratibu, kama mtu amkandaye mgonjwa mgongo.
Sikumwambia mtu. Hata Eila, mke wangu,
alijua tu kwamba shati la Ijumaa hufuliwa peke yake.

Na watoto walifaulu. Nisiseme uongo, walifaulu sana.
Kijana wa akina Lahti alijua umbali wa nyota,
akanipigia simu usiku, barabara ya ziwani,
baridi ya kukata masikio, gurudumu limepasuka:
"Bwana Arvo, hii jeki inaingia wapi?"
Binti wa daktari alitupa koti zima
kwa ajili ya kifungo kimoja.
Nililiokota jaani, nikalishona.
Ninalo hadi leo. Linanibana kwapani.

Someni, waliambiwa, mikono isichafuke.
Haikuchafuka.
Ila mkono mtupu haulambwi,
na mji mzima ukakaa kumngoja fundi
wa maili tisini, mwenye bei ya mpasuaji.

Kisha Januari boila ikazima.
Fundi akasema Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu.
Bodi ya shule ikakutana ukumbini na makoti yake,
na Bi Trevanion, ambaye mkono wake
ndio ulioinuka wa kwanza siku ile ya kufunga,
akauliza, mvuke ukimtoka kinywani:
"Kweli humu hamna hata mmoja anayejua?"

Kimya. Hata viti havikulia.
Nikainua mkono, na fagio ndani yake.
Kuhusu boila sikuwa na la kusema.
Nilisema: kerezo bado linazunguka.

Septemba amekuja mwalimu, Odile,
aliyekuwa akichomelea meli bandarini.
Ana vidole tisa,
na somo la kwanza huanza kwa kuvihesabu.
Chumba kinanuka tena msonobari uliochanwa,
gundi, jasho, na mkate walioacha ukaungua
wale wa jiko la pili, wakiubishania.
Keekee imevunja ncha sita. Ninaziokota, sinung'uniki.
Vumbi la mbao si uchafu;
hilo nalifagia polepole.

Jana Brenna Kangas amenikabidhi kigoda.
"Cha kupumzikia," akasema, macho chini.
Nikakaa. Kikaniyumbisha kushoto, kikanirudisha kulia.
Nikachukua karatasi ya mtihani, mojawapo ya zile za maboksi,
nikaikunja mara nne niitie chini ya mguu mfupi.
Akaninyang'anya.
"Karatasi haina kazi hapo," akasema,
akakipindua kigoda, akashika randa,
akapunguza mguu mrefu.
Ukawa mfupi.
Akapunguza wa pili. Akapima maji, akatukana kwa sauti ndogo,
akapunguza wa tatu,
na kengele ya kwenda nyumbani ikalia bila yeye kuisikia.

Leo nimekikalia, magoti yakinigusa masikio,
kama mtu mzima aliyealikwa chai na watoto.
Kimetulia.
Kwa kuinuka itabidi anivute mtu.
Siiti. Sina haraka.